Veda: Msahafu wa Mabaniani Uliokaa Vinywani

Burton, msafiri Mwingereza, alipoingia Pangani mwaka 1857, kusini ya kijiji chetu hiki cha Kigombe, aliwakuta Mabaniani wamekwisha kufanya makazi, na forodha ya Mrima i mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji wa Kachi. Lakini sisi wenyeji, tuliowahi kuwatungia methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", hatukupata kuwauliza wanasoma msahafu gani. Jumuiya ya Arya Samaji, iwaitayo Wahindu warejee kwenye Veda, ilipotimiza miaka 150 mwaka 2025, niliona ya kuwa ghafala hiyo ingali pale pale.

Msahafu wao ni Veda, nazo ni nne; na iliyo kongwe, Rigveda, ina nyimbo 1,028 zilizotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zikahifadhiwa kwa moyo karne nyingi kabla ya kutiwa wino. Mwanafunzi huyapindua maneno mbele na nyuma, mathalani: dau linakwenda, linakwenda dau, dau linakwenda Pangani, Pangani linakwenda dau, dau linakwenda Pangani, isidondoke hata irabu moja. Waalimu wetu wa chuoni wangaliitambua taabu hiyo mara moja.

Tarehe 16 Novemba 1869, Swami Dayananda, mzaliwa wa Kathiawar, pande zile zile walikotoka wengi wa Wahindi wetu, aliketi Banaras mbele ya Maharaja wa huko, peke yake mkabala wa wanazuoni zaidi ya 20, akiwataka wamwonyeshe ni wapi Veda imeamrisha kuabudu masanamu. Kwa riwaya ya wafuasi wake, ambayo ndiyo niliyoifuata, mjadala ulikwenda hata magharibi, ndipo akakabidhiwa kurasa za maandishi. Naye akiwa angali akizikodolea macho katika mwanga hafifu, mpinzani wake mkuu akainuka, akatangaza ushindi, umati ukapiga makofi, na mawe yakaanza kumrukia. Ajabu kubwa kwangu ni kwamba watu waliohifadhi Veda kwa vinywa walikata shauri lao kwa karatasi isiyosomeka gizani! Miaka sita baadaye, mjini Bombay, akaasisi Arya Samaji.

Ugomvi huo ulivuka bahari pamoja na merikebu, Wahindi wa Afrika Mashariki wakagawanyika baina ya Waarya, wafuasi wa Dayananda, na Wasanatani, walioshika ada ya kale ya masanamu. Kisha hapa Tanzania majumba yakataifishwa mwaka 1971, na wengi wakahama. Vijana wa Kigombe niliowauliza juzi habari za Mabaniani walinijibu kwa ile methali, nusu yake ya kwanza tu.