Mzigo wa Herufi Katika Njia ya Ugogo

Ukiwa Kintinku na uso umeuelekeza magharibi, ukuta wa Bonde la Ufa unakusimamia mbele. Reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 inaupanda kupitia Saranda. Kabla ya reli walioupanda ni wapagazi. Walitoka Bagamoyo na Saadani, wakapita Mpwapwa, wakalikata bonde hili kame na kushika mlima upande wa Kilimatinde. Njia zilikuwa nyingi, zikiachana na kukutana kwa kufuata visima. Watemi wa Kigogo, wenye maji hayo, walitoza hongo, na hongo ililipwa kwa nguo, hasa merikani, kitambaa ambacho kwa miaka mingi kilifumwa Massachusetts.

Katika Massachusetts hiyohiyo, Aprili 1775, Isaiah Thomas alivusha mtambo wake wa chapa usiku kutoka Boston hadi Worcester, kiasi cha kilomita 65, ili askari wa Mwingereza wasimnyamazishe. Wamarekani hawajaisahau safari hiyo, na wana haki. Safari ya chapa iliyopita Ugogo ilizidi kilomita 1,000, nayo sisi hatuisimulii.

Mwenye mzigo alikuwa Alexander Mackay, fundi mitambo wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1849 na kutumwa na chama cha misheni cha CMS. Alifika Unguja mwaka 1876, na Novemba 1878 akaingia Buganda kwa Kabaka Muteesa. Vitu vya misheni, chapa ikiwemo, vilimfuata kwa njia hii ya kusini hadi Ziwa Nyanza. Nani asiyejua uzito wa risasi? Herufi za chapa, ambazo ni za risasi, hazijazi sanduku kama nguo, lakini humwinamisha mtu shingo. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30, juani, siku baada ya siku, kwa miezi. Mimi nasema hao nao ni wachapaji, na historia ya kitabu Afrika Mashariki ianze na mabega yao.

Mackay hakuanzia patupu. Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyefika mwaka 1864, alikuwa amekwisha kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Dallington Muftaa, kijana aliyesomea shule ya misheni hiyo, aliachwa na msafiri Henry Stanley kwa Muteesa mwaka 1875 awe msomaji wake. Kwa hiyo barazani kwa Kabaka Neno lilisomwa kwanza kwa Kiswahili. Mackay alipotaka kuchapa kwa Luganda alikaa kuchonga herufi za mbao kwa mkono, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Waganda wakamwita mzungu wa kazi.

Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Muteesa, vijana watatu wa misheni waliuawa, na mwaka uliofuata wengi wakachomwa Namugongo. Mtambo haukuzimwa. Mackay na mwenzake Robert Ashe waliendelea kuchapa Natete, na karatasi zikapita mkono kwa mkono kwa siri. Kusoma kwenyewe kulikuwa hatari, na watu walisoma. Hapo ndipo ninapomheshimu Mackay zaidi, maana wengi wangefukia herufi na kusubiri amani.

Alifukuzwa Julai 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri. Stanley alimkuta huko mwaka 1889. Homa ilimuua tarehe 8 Februari 1890, na mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Njia ya Ugogo haikupeleka vitu tu. Henry Wright Duta, kijana wa Buganda, alitoka bara hadi pwani na kubatizwa Unguja mwaka 1882, kisha akarudi kwao. Huyo ndiye aliyekaa na mmisionari George Pilkington kuitafsiri Biblia nzima kwa Luganda, ikakamilika mwaka 1896.