Shule Yetu na Kwaya Yetu: Jinsi Darasa la Nane Lilivyojengwa



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, kamati ya yubilei iliniomba niandike historia ya kwaya yetu. Nilipozungumza na wazee wetu, karibu kila mmoja alianzia shuleni. Kwaya haikuwa na chumba chake. Ilifanya mazoezi darasani kila Jumamosi, maneno ya nyimbo yakiandikwa ubaoni. Kwa hiyo siwezi kutenga historia ya kwaya na ya kupanuliwa kwa shule yetu ya msingi ya parokia.

Shule nyingi za vijijini zilianzishwa na wamisionari. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1968, ziliwekwa chini ya serikali na Kanisa likabaki mdhamini. Serikali ililipa walimu, lakini kuta na madawati vikawa mzigo wa wazazi. Mwaka 1974, karo ilipoondolewa kwa darasa la kwanza hadi la nne, watoto walifurika, na shule nyingi zikaanza kutoza pesa za jengo.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Hadi hapo shule ya msingi iliishia darasa la saba. Sasa kila shule ilihitaji darasa la nane, karakana ya useremala na mahali pa kufundishia sayansikimu. Mtihani wa kwanza wa KCPE ulifanywa mwaka huohuo, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kungoja. Hapa kwetu kina mama walisomba mawe na mchanga kutoka mtoni, wanaume wakachimba msingi, na kwaya ikaimba katika harambee. Wazee wanasema wanakwaya wakimaliza kuimba walibaki kuchota maji ya kukorogea saruji.

Lakini mimi ni katibu, na kazi ya katibu ni kuandika yote. Kila familia ilipangiwa pesa za jengo, na mtoto asiyeleta alirudishwa nyumbani. Mama yangu alisomba mawe ya darasa hilo. Mdogo wake, mjomba wangu, alikuwa darasa la sita. Alirudishwa mara tatu, na mara ya tatu hakwenda tena. Chumba kilikamilika, naye hakuwahi kukaa humo kama mwanafunzi. Aliingia humo kama mwanakwaya, Jumamosi alasiri, sauti ya nne, akifuata maneno ubaoni polepole kwa kidole. Wanakwaya wengine watatu walinipa habari kama yake. Hakuna aliyelaumu mtu. Mmoja wao alisema tu kwamba mawe yake bado yamo ukutani.

Elimu ya msingi bila malipo iliporudi mwaka 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosongamana katika chumba hicho, watatu hadi wanne kwa dawati moja. Karakana nayo ikageuzwa darasa. Wale waliobeba mawe waliona watoto wao wakikaa walipokosa kukaa wao.

Sasa shule inapanuka tena. Mwaka 2023 Gredi ya 7 ya sekondari msingi iliwekwa katika shule za msingi, na mwaka 2025 ikafika Gredi ya 9. KCPE imekwisha, ila haja ya vyumba haijaisha. Tutaitwa tena kwenye harambee, na kwaya itaimba, kwa maana ndiyo kazi yetu tangu mwanzo. Ombi letu kwa halmashauri ya parokia na bodi ya shule ni moja: mchango uombwe kwa wazazi na marafiki wa shule, lakini mtoto asitolewe darasani kwa ajili ya jengo.

Chakula cha mchana leo kitaliwa katika darasa lile lile la 1985. Mkiingia, tazameni ukuta wa mawe ulio upande wa mto. Kisha msalimieni mjomba wangu na wenzake. Mtawakuta mstari wa nyuma, sauti ya nne.

Katibu wa Kwaya