Renjifainda au kihisi kidogo? Historia ya kamera mbili na bonasi moja ya chai

Najua nimepotea, kazi za watu zilinibana. Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha za programu. Nataka tuzungumze kuhusu kamera, tena aina mbili tu, na historia iliyozikutanisha. Weka chai karibu maana hadithi ni ndefu kidogo.

Mambo yalianza na simu kutoka nyumbani. Mama mdogo wangu analima chai upande wa Kebirigo, kule Nyamira, na bonasi ilikuwa imeingia. Mwanawe, yaani binamu yangu, amemaliza shule na anataka kuishi kwa kupiga picha: harusi, mazishi, mahafali, mechi, chochote kinacholipa kati ya Kisii mjini na Nyamira. Mama mdogo akaamua kumnunulia kamera. "Wewe ndiye uliyesomea kompyuta," akaniambia. "Sema tununue gani. Lakini ujue, mwanangu, hiyo ni chai ya mwaka mzima."

Binamu alikuwa ameandika kamera mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni Epson R-D1, kamera ya dijitali ya aina ya renjifainda, ya mkono wa pili. Ya pili ni DSLR yoyote ya mtumba yenye kihisi kidogo. Ile ya kwanza najua aliipata wapi. Aliipata kwangu, kwa sababu kila Krismasi mimi humchosha na sifa za renjifainda. Nami ugonjwa huo niliurithi kwa babu mzaa mama, aliyekuwa akizunguka masokoni na majumbani na Yashica Electro 35 akipiga watu picha.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilipokumbuka ile chai ya mwaka mzima nikaona nisome kwanza. Na nilipoifuata historia nikagundua kwamba swali lenyewe limekaa vibaya.

Tuanze na renjifainda. Jina linatisha, ila hesabu yake ni ile ya pembetatu tuliyofundishwa sekondari. Kamera ina madirisha mawili madogo mbele, yameachana kwa sentimita chache. Ukichungulia, unaona kitu kimoja mara mbili katikati. Unazungusha lenzi, na picha moja inasogea mpaka inailalia nyingine. Zikilaliana, umbali umepatikana na picha itatoka kali. Hakuna kompyuta inayokutafutia fokasi, ni macho yako na vyuma tu.

Ukoo huu ulianzia Ujerumani. Mwaka 1925 kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar ilianza kuuza Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na fundi wake Oskar Barnack. Barnack alichukua filamu ya sinema ya milimita 35 na kuunganisha fremu mbili za sinema kuwa fremu moja ya picha. Hapo ndipo kilipotoka kipimo cha milimita 24 kwa 36, ambacho mpaka leo tunakiita kipimo kamili. Kikumbuke, tutakirudia. Kipima umbali kilichounganishwa na lenzi kilikuja na Leica II mwaka 1932, na mwaka 1954 ikaja Leica M3, yenye mlango wa lenzi wa aina ya M unaotumika hadi sasa.

Leica ilikuwa ghali, na Wajapani wakaona nafasi. Yashica Electro 35 ilitoka mwaka 1966 ikiwa na lenzi ya milimita 45 isiyobanduka, na saketi ya elektroniki iliyochagua kasi ya shata yenyewe. Taa ya njano ikiwaka, mwanga ni mchache, tuliza mkono. Nyekundu ikiwaka, mwanga umezidi. Babu hakusomea upigaji picha popote, lakini taa mbili zilimtosha.

Sifa nyingine ya renjifainda ni ukimya. Kamera za SLR, kama Nikon F ya mwaka 1959, zina kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, na kinapiga kelele. Renjifainda haina kioo hicho. Kwetu hilo si jambo dogo. Misheni ya Wakatoliki ilifika Nyabururu mwaka 1911 na ya Waadventista ikafika Nyanchwa mwaka 1912, kwa hiyo Wagusii wana zaidi ya miaka mia moja ya kujifunza kunyamaza ibadani. Mpiga picha mwenye kamera inayobamiza kama mlango hutazamwa na kanisa zima.

Haya, sasa kihisi kidogo. Kihisi ndicho kipande cha silikoni kilichochukua nafasi ya filamu. Nikon D1 ilipotoka mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7, na kihisi chake kilikuwa na ukubwa wa karibu milimita 24 kwa 16, chini ya nusu ya eneo la fremu ya Barnack. Kwa nini hawakuweka kipimo kamili? Jibu liko kwenye chapati.

Vihisi hukatwa kutoka kwenye bamba la duara la silikoni. Chukua chapati moja iliyoangukiwa na punje kumi za mchanga. Ukiikata vipande vidogo mia moja, hata kila punje ikiangukia kipande chake, unatupa kumi na kubaki na tisini. Ukiikata vipande vikubwa kumi, unaweza kutupa karibu vyote. Mchanga ni uleule na chapati ni ileile. Ndiyo maana kihisi chenye ukubwa mara mbili hakikugharimu mara mbili tu, kiligharimu zaidi ya hapo.

Bei zilionyesha wazi. Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002, yenye kihisi kamili, iliuzwa takriban dola 8,000. Mwaka 2003 Canon hao hao wakatoa EOS 300D yenye kihisi kidogo kwa dola 899 bila lenzi. Kwa shilingi za wakati ule ni kama 600,000 dhidi ya 68,000. Hapo ndipo mpiga picha wa kawaida alipoanza kuiota kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi. Kipimo hiki kidogo kikabaki na jina la APS-C, lililotokana na filamu za APS za mwaka 1996. Filamu zenyewe zilikufa mapema, jina likaishi.

Kihisi kidogo kinaona sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaleta. Lenzi ya milimita 50 inafanana na ya 75, na ya 200 inafanana na ya 300. Wengine huita hiyo hasara, wengine faida. Inategemea umesimama wapi.

Koo hizi mbili zilikutana mwaka 2004. Epson, watu wa printa, walishirikiana na kiwanda cha Cosina kutoa R-D1, renjifainda ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na mlango wa lenzi za Leica M, mkono wa kuvuta shata kama kamera ya filamu, na mishale ya saa juu yake kuonyesha betri na picha zilizobaki. Bei yake ilikuwa karibu dola 3,000. Mimi bado naiona kuwa nzuri kuliko kamera zote za muongo ule.

Lakini ndani yake mna nini? Kihisi cha megapikseli 6.1, kipimo cha APS-C. Yaani R-D1 yenyewe ni kamera ya kihisi kidogo!

Ndiyo maana nasema swali limekaa vibaya. Kuuliza "renjifainda au kihisi kidogo" ni kama kumuuliza mtu "wewe ni Mgusii au unatoka Nyamira?" Nyamira ilikatwa kutoka wilaya ya Kisii mwaka 1989, ikawa kaunti mwaka 2013, na watu ni walewale. Simama Keroka uniambie mpaka unapita mbele ya duka gani. Renjifainda ni namna ya kutafuta fokasi. Kihisi kidogo ni ukubwa wa silikoni. Ni maswali mawili tofauti, na kamera moja inaweza kuyajibu yote. Hata Pixii wa Ufaransa walianza kuuza renjifainda yao ikiwa na kihisi cha APS-C.

Tena renjifainda ilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa kihisi kikubwa. Kwa kuwa haina kioo, lenzi yake inakaa karibu sana na kihisi: milimita 27.8 kutoka mlango wa M, ukilinganisha na 44 za Canon EF na 46.5 za Nikon F. Mwanga unafika pembeni kwa mshazari. Filamu haikujali. Pikseli ni kama ndoo: mvua ya wima inajaa vizuri, mvua ya mshazari, ile ya Nyamira inayokuja na upepo, inapiga ukingo na kumwagika nje. Picha inapata giza pembeni.

Leica walipigana na tatizo hilo kwa hatua. Leica M8 ya mwaka 2006 ilikuwa na kihisi cha milimita 27 kwa 18, kwa bei ya karibu dola 4,800. Waliisogeza midomo ya ndoo, yaani lenzi ndogo sana zilizo juu ya pikseli, ielekee mvua inakotoka. Kwenye mlango wa lenzi wakaweka vidoti sita vyeusi na vyeupe ili kamera ijue ni lenzi gani na programu irekebishe pembe. Wenzangu wa programu mtafurahi: biti sita, uwezekano 64. Lakini kichujio cha mwanga wa infraredi walikifanya chembamba mno, na nguo nyeusi za nailoni zikatoka zambarau. Leica wakalazimika kuwapa wenye kamera vichujio viwili vya kufunga mbele ya lenzi. Fikiria suti za bwana harusi!

Kipimo kamili walikifikia na M9 mwaka 2009, kwa karibu dola 7,000. Mwaka 2014 wakakiri kwamba kioo kinachofunika kihisi chake huweza kuliwa na kutu, wakaanza kubadilisha vihisi. Anayenunua M9 ya mkono wa pili leo lazima aulize kihisi kimewahi kubadilishwa au la.

Baada ya kusoma hayo nikampigia binamu, tukapima kazi zake moja moja.

Ya kwanza, Tabaka. Wachongaji wa mawe ya sabuni wanataka picha za karibu za vinyago vyao ili wauze mtandaoni. Lenzi nyingi za renjifainda hazikaribii chini ya sentimita 70. Ya pili, Gusii Stadium. Shabana walirudi ligi kuu mwaka 2023, na picha za mechi zina wanunuzi. Fremu za mbali zaidi katika Leica huishia milimita 135, na kwenye R-D1 huishia 50. DSLR ya mtumba yenye lenzi ya 200 inakuwa kama 300. Ya tatu, kanisani. Hapo renjifainda inashinda, ingawa siku hizi hata kamera mpya zisizo na kioo ziko kimya. Juu ya hayo, Epson waliacha zamani kuitengeneza R-D1, na ile ya kwanza haisomi kadi zinazozidi GB 2.

Bado nilikuwa nabisha moyoni. Kilichonimaliza ni bahasha ya babu.

Mama mdogo anayo bahasha ya negativu alizoacha babu. Picha zenyewe nyingi zilishapotea au kuliwa na unyevu. Ndani ya negativu hizo yumo bibi akiwa msichana, picha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ikiwa karatasi. Nilitaka tuzinakili kwa kamera. Nikapiga hesabu. Kwa lenzi ya milimita 50 katika umbali wa sentimita 70, negativu ya milimita 36 inachukua kama milimita 3 tu za kihisi. Kwa R-D1 hizo ni pikseli 400 hivi kwa upana, uso wa bibi ukiwa doa. Kwa DSLR na lenzi ya makro, negativu inajaza kihisi chote.

Yaani picha zilizopigwa kwa renjifainda, renjifainda ya dijitali haiwezi kuziokoa.

Binamu alinunua Nairobi DSLR ya mtumba yenye kihisi kidogo, na chenji ikatosha betri ya pili na nauli ya kurudi. Lenzi ya makro tuliazima. Tukaweka negativu juu ya kioo cha dirisha, karatasi nyeupe nyuma yake, tukapiga moja moja, kisha nikaandika programu fupi ya kugeuza rangi.

Bibi alipotokea kwenye kompyuta, mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwuliza mwanawe kama inaweza kuchapishwa kubwa, ya kutundika ukutani, na atalipa kiasi gani. Binamu akamwambia mteja wa kwanza halipi. Mama mdogo akakataa, akalipa.

Yashica ya babu iko mezani kwangu ninapoandika. Haifanyi kazi, lakini kipima umbali chake bado kinalalisha picha mbili vizuri kabisa.