Kujisomea bila darasa: Njia ya pili ya elimu kwa watoto wa mashamba ya mpunga Kilombero

KALENDA ya shule na kalenda ya mpunga katika Bonde la Kilombero hazipatani. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, wakati ambao familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huwa zimekwisha kuhamia mabondeni kulima, kupalilia na baadaye kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori hadi mavuno.

Huko huishi katika vibanda vya shambani, vingine vikiwa ni madungu yaliyoinuliwa kwa nguzo. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikifuatilia takwimu za kaya za bonde hilo, wameueleza uhamaji huo mara nyingi, kwa kuwa walitaka kujua iwapo vyandarua huwafuata watu mashambani. Kwa upande wa elimu swali ni lile lile: je, shule nayo huwafuata?

Kwa kawaida haiwafuati. Mtoto aliyeachwa nyumbani kwa bibi huendelea na masomo, lakini aliyekwenda na wazazi hurudi na kukuta wenzake wamekwisha kuvuka sura nzima za kitabu. Darasa husonga kwa mwendo mmoja, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kumsubiri mmoja. Baada ya misimu miwili au mitatu ya namna hiyo, utoro hugeuka kuwa kuacha shule.

Mfumo wa kujisomea kwa mwendo wa mwanafunzi hugeuza utaratibu huo. Somo hugawanywa katika sehemu ndogo. Mwanafunzi husoma, hujipima, na huendelea mbele pale tu anapokuwa ameelewa. Mwalimu hubaki kuwa mwezeshaji, anayeitwa panapokuwa na ugumu. Aliyekatiza masomo kwa miezi mitatu huanzia pale alipoishia, hafukuzani na darasa. Daktari wa Italia, Maria Montessori, alijenga juu ya wazo kama hilo alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907.

Kwa Tanzania jambo hili si geni. Mwaka 1972 ilianzishwa elimu kwa njia ya posta chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilipata sheria yake yenyewe mwaka 1975. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipeleka utaratibu huo hadi ngazi ya shahada, na kina kituo mjini Morogoro.

Kwa watoto, mpango unaofahamika zaidi ni MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ulioanza kwa majaribio katika wilaya tano mwaka 1999 kabla ya kuenezwa nchini. Mtaala wake umefupishwa, na wanafunzi hugawanywa kwa umri: wenye miaka 11 hadi 13, na wenye miaka 14 hadi 18. Hata hivyo MEMKWA bado ni darasa, lenye saa zake na mahali pake, na aliye dunguni hunufaika nayo kidogo.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilifanyika mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa kompyuta ndogo za mkononi zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapakuwa na mwalimu wala shule. Palikuwa na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua.

Kabla ya jaribio hilo la XPRIZE, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 tuzo ya Dola za Marekani milioni 10 iligawanywa sawa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yalisifiwa sana, na yalistahili. Lakini karibu nusu ya watoto walibaki hawawezi kusoma neno, na ni hao ambao mwalimu wa kweli angewatafuta. Mashine humngoja mtoto bila kuchoka, ila haimfuati anapoiacha.

Kundi jingine ni la wasichana. Hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyepata ujauzito hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Tangu hapo anaweza kurudi, au kuchagua njia mbadala. Vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha miaka minne ya sekondari kwa miaka miwili. Ifakara pia kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa kuanzia miaka ya 1970 kwa kuiga mfano wa Sweden.

Anayejisomea mwenyewe bila kupita kidato chochote hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ujulikanao kwa kifupi kama QT, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ingawa simu isiyo na chaji haifungui kitabu, na mabondeni umeme ni wa kubahatisha. Huko daftari na kitabu cha karatasi bado havina mpinzani.

Mitihani yote miwili hufanyika Novemba, mwezi ambao mashamba ya mpunga ya Kilombero ndiyo kwanza yanaandaliwa.