Ajali za Barabarani na Amri ya Tano ya Mungu

Katika mazishi ya waliofariki kwa ajali za barabarani, sisi mapadre huwasikia waombolezaji wakisema, "Ni kazi ya Mungu." Hayo ni maneno ya imani, kwa kuwa uhai wetu umo mikononi mwa Muumba. Lakini tusiyatumie kufunika yaliyosababishwa na wanadamu. Vifo vingi vya barabarani vina vyanzo vinavyojulikana na kuzuilika.

Ukubwa wa tatizo

Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali hizo, ambazo ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya marehemu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki.

Vyanzo vyake

Tuitazame Kariakoo. Pale bidhaa zinapotandazwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kushuka barabarani, katikati ya daladala, bajaji na mikokoteni. Mtaa wa Msimbazi una njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Bodaboda anayejipenyeza humo huhatarisha nafsi yake na ya abiria wake.

Mwendo nao huua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Dereva anayelipwa kwa safari hushawishika kuuvuka, na abiria humchochea: "Kimbiza, nimechelewa!" Tuongeze pombe, uchovu, simu mkononi, na kofia ngumu inayoning'inizwa kwenye usukani badala ya kuvaliwa.

Mafundisho ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2290) inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Vilevile (na. 2269) Amri ya Tano inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito, na kumnyima msaada aliye hatarini. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa kichungaji wenye amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ile ile: Usiue.

Wajibu wetu

Dereva apunguze mwendo. Abiria akatae kupanda chombo cha mlevi, wala asidai kukimbizwa. Mfanyabiashara aache njia wazi. Tunapomkuta majeruhi, tusisimame kumpiga picha; tumwitie msaada, kama Msamaria mwema alivyojali. Na katika kitubio, tuliomzoea Mungu kwa kuungama hasira na uongo, tuungame pia uzembe wetu barabarani.

Tangu mwaka 2005 Umoja wa Mataifa umeitenga Jumapili ya tatu ya Novemba kuwakumbuka waathirika wa ajali za barabarani. Novemba ndio mwezi wetu wa kuwaombea marehemu. Tuwaombee, kisha tutoke kanisani tukiendesha na kutembea kama watu wanaoheshimu uhai.