Khalid bin Barghash: mwana wa Sultani aliyekaa kitini siku mbili

Sayyid Khalid alikuwa mtoto wa Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, enzi ambazo pwani yetu ya Mikindani nayo ilihesabiwa kuwa chini ya Zanzibar.

Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, binamu yake, aliingia kasri na kujitangaza mrithi. Kwa damu alikuwa na hoja. Lakini tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Akakataa. Manowari zikalipiga kasri mizinga kwa takriban dakika 40. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Siku hiyohiyo Hamoud akatawazwa.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Nje, Waingereza walimsubiri atoke wamkamate. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya Wajerumani ilimchukua hapohapo bila yeye kukanyaga njia, akapelekwa Dar es Salaam.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimkamata, wakampeleka uhamishoni St. Helena na Ushelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Tunapoviita vita vile vifupi kuliko vyote duniani, tuwakumbuke pia waliobaki chini ya kifusi cha kasri.