Peponi, na vita tulivyofundishwa

Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kiingereza chake ni cha 1994. Miaka 28 kukisoma kwa lugha wanayoongea wahusika wenyewe, jamani!

Yusuf anawekwa rehani na babake kwa deni la mfanyabiashara Aziz. Mwishoni anakimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya.

Shuleni, Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa von Lettow-Vorbeck na mapigano ya Tanga. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walipata sentensi moja. Askari weusi tuliwaita vibaraka, basi. Sasa siwezi tena. Kijana asiye na kwao pa kurudi, wewe ungemwambia aende wapi?